JOTO LA KIFUA: NI HAKI YA MTOTO AU NI HISANI YA MAMA?

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Muumba wa viumbe na Mwenye kuwakadiria riziki zao na ajali zao. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Hapana mtaa katika miji yetu ya pwani usioujua msiba wa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Madaktari humhisabu mtoto kuwa hakutimia akizaliwa kabla ya wiki 37 za mimba, na ndugu zetu wa Tanzania humwita mtoto njiti kwa wembamba wa viungo vyake. Wala si jambo la nadra. Katika mwaka 2020 walizaliwa duniani watoto kama hao wapatao milioni 13.4, nayo ni sawa na kusema mmoja katika kila watoto kumi.

Leo, katika hospitali nyingi, akizaliwa mtoto huyo mama huambiwa afungue kifua chake. Mtoto huvuliwa nguo, akaachiwa kofia, soksi na nepi, akawekwa wima baina ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa mfano wa chura, na uso umegeuzwa upande ili pumzi isizibwe. Kisha hufungwa kwa leso au kwa kitambaa madhubuti, mama akakaa naye hivyo mchana na usiku. Jambo hili huitwa malezi ya kangaruu, kwa kufananishwa na mnyama wa Australia ambaye huzaa mtoto mchanga mno, kisha akamkuza katika mfuko wa ngozi ulioko tumboni mwake.

Juu ya jambo hili twasikia mabarazani na majumbani maneno matatu. La kwanza wasema: "Mtoto huyu hana maisha, mwacheni, Mungu afanye amri yake." La pili wasema: "Hiyo ni tiba ya maskini, mama kapachikwa mtoto kifuani kwa kuwa hospitali haina mashine." La tatu wasema: "Hiyo ni kazi ya mamake." Sisi twaona maneno yote matatu yana makosa, na la tatu ndilo lenye makosa makubwa zaidi, ingawa ndilo lisemwalo kwa upole zaidi. Tutayapima moja moja, kwa mizani ya dini na kwa mizani ya elimu.

NENO LA KWANZA: "HANA MAISHA"

Twaanza kwa kuuliza: ni nani aliyetwambia kuwa mtoto wa miezi sita au saba si mtu kamili? Sharia yetu haikusema hivyo. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, Mwenyezi Mungu ameitaja mimba na kumwachisha mtoto ziwa kuwa jumla yake ni miezi 30. Na katika Surat Luqman, aya ya 14, ametaja kuwa kuachisha ziwa ni katika miaka miwili. Ukitoa miezi 24 katika 30, hubaki sita. Kwa hisabu hiyo wanavyuoni wamethibitisha kuwa mimba ya miezi sita yaweza kuzaa mtoto aliye hai, mwenye nasaba na mwenye haki zake zote.

Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba, zama za ukhalifa wa Sayyidna Uthman, aliletwa mwanamke aliyezaa baada ya miezi sita tangu kuolewa. Watu walidhani kuwa hapana mtoto azaliwaye kwa muda huo mfupi, basi akahukumiwa kuwa ni mzinifu. Sayyidna Ali akasimama akaitoa hoja hii ya Qur'ani, akasema kuwa mwanamke hana hatia. Sayyidna Uthman aliposikia, alituma watu upesi wamrudishe, lakini khabari yasema wakamkuta amekwisha kurujumiwa. Na aizingatie khabari hii kila mwenye akili. Elimu ilikuwamo ndani ya Kitabu tangu zamani, na watu walikuwa wema, lakini elimu ilichelewa kufika, na mtu akafa.

Tena fiqhi yetu haikumpima mtoto kwa kilo. Mtoto akitoka tumboni akalia, au akaonyesha alama ya uhai, kisha akafa saa ile ile, basi huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa. Naye hurithi na hurithiwa. Ikiwa sharia imempa fungu katika mirathi mtoto aliyelia mara moja tu, vipi sisi tumnyime leso ya kumfunika? Anayestahiki kurithi nyumba hastahiki kutiwa joto?

Wako pia wasemao kuwa mtoto wa miezi saba huishi, ama wa miezi minane hana kuishi. Usemi huu haumo katika Qur'ani wala katika Hadithi. Umo katika vitabu vya waganga wa Kiyunani vinavyonasibishwa na Hippocrates, vilivyoandikwa karne nyingi kabla ya kuja Mtume wetu. Ukweli ni kinyume chake, kwani kila wiki moja mtoto aizidishayo tumboni humwongezea nguvu ya mapafu na ya kunyonya.

Ama hoja ya amri ya Mungu, hiyo imejibiwa na Sayyidna Umar. Alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuwa tauni imeingia huko, aliamua kurejea na watu wake. Abu Ubaida akamwuliza kama ataikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Naye akamjibu kuwa wanatoka katika kadari moja ya Mwenyezi Mungu na kwenda katika nyingine. Akampigia mfano wa mchunga aliyeshuka katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, kwamba akilisha huku amelisha kwa kadari, na akilisha huku amelisha kwa kadari. Basi baridi ni kadari, na joto ni kadari. Lakini mchunga ndiye atakayeulizwa alikwenda upande gani. Kutawakali ni kufanya uwezalo kisha ukamwachia Mola matokeo yake. Anayekaa kitako kabla ya kufanya, akautaja uvivu wake kwa jina la Mungu, huyo hakutawakali.

Na katika mlango huu yaingia hirizi na mvuje. Mtoto mwenye kilo moja na nusu hufungwa uzi shingoni na kifuko kifuani, ati kumkinga na jicho. Baina ya ngozi ya mama na ngozi ya mtoto hapana nafasi ya hirizi. Kikiwekwa kitu pale humkwaruza mtoto mwenye ngozi nyororo kama utando wa yai, na humletea uchafu. Mwenye kutaka kumkinga na amwombee dua, anawe mikono kwa sabuni, amweke kifuani. Wala haifai kumlaumu mama kuwa alitoka magharibi au alikutana na mwenye kijicho. Sababu za kuzaa mapema ni kama maradhi ya kuambukiza, shinikizo la damu na mimba ya pacha; na mara nyingi sababu haionekani kabisa. Kumtia mama hatiani katika saa kama hiyo ni kumwongezea mzigo aliyekwisha lemewa.

NENO LA PILI: "NI TIBA YA MASKINI"

Neno hili lina chembe ya kweli ndani yake, nayo ndiyo iliyowapoteza watu. Ni kweli kuwa malezi haya yalizaliwa katika shida. Lakini si kila kilichozaliwa katika shida ni kitu duni.

Mashine ya kumtia joto mtoto, iitwayo inkubeta, ilianza kutumika Paris karibu mwaka 1880, baada ya daktari Stéphane Tarnier kuona chombo cha kuangulia mayai ya kuku akatambua kuwa chaweza kumfaa binadamu. Chombo hicho kiliokoa watoto wengi, nasi hatukidharau. Lakini kilikuja na jambo jingine: mtoto alitengwa na mama yake. Aliwekwa nyuma ya kioo, na mama akawa mgeni wa kumtazama kwa mbali. Huko Marekani jambo lilifika hadi ya kuwa watoto hao walionyeshwa kwa kiingilio katika uwanja wa michezo wa Coney Island, tangu mwaka 1903 hadi 1943, na fedha za watazamaji ndizo zilizowalipia matunzo yao, kwa kuwa hospitali nyingi wakati ule hazikuwa na nafasi yao.

Kisha ikaja habari ya Bogotá, mji mkuu wa Kolombia. Huko kulikuwa na hospitali ya uzazi ya watu maskini iitwayo Instituto Materno Infantil. Inkubeta zilikuwa chache, watoto wawili watatu wakalazwa katika chombo kimoja, maradhi yakaenea kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na vifo vikazidi. Tena baadhi ya kina mama waliotenganishwa na watoto wao kwa wiki nyingi hawakurudi kuwachukua. Katika mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwapa kina mama watoto wao wawaweke kifuani, ngozi kwa ngozi, wawanyonyeshe maziwa yao tu, na wapewe ruhusa kwenda nyumbani mapema kwa sharti la kurudi mara kwa mara kutazamwa. Mwaka uliofuata akaungana naye daktari Héctor Martínez Gómez. Vifo vikapungua, na mama aliyembeba mtoto wake kifuani hakumwacha.

Kwa nini kifua kifae hivyo? Mtoto asiyetimia hana mafuta chini ya ngozi, na hajui kutetemeka ajitie joto. Akipata baridi huitumia hewa na sukari kidogo aliyonayo kwa kupigana na baridi, badala ya kuitumia kwa kukua. Pumzi hulegea, na kifo husogea. Kifua cha mama humpa joto lisilokatika, hata umeme ukikatika. Pigo la moyo wa mama na pumzi zake humkumbusha mtoto kupumua. Vijidudu vya ngozi ya mama, ambavyo havina madhara, humtangulia kabla ya vile vikali vya wodi. Na maziwa ya mama huzidi kwa sababu mtoto yuko karibu. Yule asiyeweza bado kunyonya hukamuliwa maziwa akapewa kwa kikombe au kwa mpira mwembamba, tangu lile dang'a la mwanzo ambalo baadhi ya watu wetu hulimwaga kwa ujinga.

Watoto waliolelewa hivi huko Bogotá walifuatwa mpaka wakatimia umri wa miaka 20, wakalinganishwa na wenzao wa inkubeta. Ikaonekana kuwa walikuwa wakikosa shule mara chache zaidi, wametulia zaidi katika tabia, na wazazi wao walikuwa na huruma na ulinzi zaidi juu yao.

Kwa miaka mingi madaktari walisema: mtoto kwanza atulie katika mashine kwa siku kadhaa, ndipo apewe mama. Hilo nalo likapimwa. Katika hospitali za Ghana, Uhindi, Malawi, Nigeria na Tanzania, watoto 3,211 wenye uzito wa kilo moja hata chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja waliwekwa kifuani upesi baada ya kuzaliwa, na vitanda vya kina mama vikaingizwa ndani ya wodi ile ile ya watoto mahututi. Fungu la pili walingojewa watulie kwanza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika siku 28 za mwanzo, kati ya kila watoto mia moja waliongojewa, walikufa karibu 16. Na kati ya kila mia waliowekwa kifuani upesi walikufa 12. Tofauti ilikuwa kubwa hata uchunguzi ukasimamishwa kabla ya muda wake, kwani haikuwa halali tena kuwanyima wengine jambo lililodhihiri kheri yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza kuwa kila mtoto asiyetimia, tajiri au maskini, alelewe hivi kuanzia upesi iwezekanavyo, kwa saa 8 mpaka 24 kila siku, isipokuwa yule asiyeweza kupumua mwenyewe au aliye katika hali mahututi kabisa.

Basi aliyesema kuwa hii ni tiba ya maskini amekosea. Mashine bado yahitajika, na dawa bado zahitajika, na tuzidai kwa wakuu wetu bila ya kuchoka. Lakini hapana fedha inayonunua kifua. Hiki ni kitu ambacho maskini wamekifahamu kwanza, na matajiri wakaja kujifunza kwao. Wala si ajabu kwetu sisi tunaosoma katika Suratul Qasas kuwa Mtume Musa, alipokuwa mchanga katika jumba la Firauni penye kila neema, aliyakataa maziwa ya wanyonyeshaji wote mpaka akarejeshwa kwa mamake.

NENO LA TATU: "NI KAZI YA MAMAKE"

Sasa twafika katika swali letu lenyewe. Wengi watakubali tuliyoyasema, kisha wamsifu mama, wamwambie kuwa pepo iko chini ya nyayo zake, halafu waondoke wamwache peke yake. Sifa hizo hazina gharama.

Na tuhisabu. Katika uchunguzi ule tulioutaja, watoto waliowekwa kifuani upesi walikaa hapo karibu saa 17 kwa siku. Saa 17! Mama aliyetoka kuzaa, pengine kwa kisu, mwenye kidonda na damu ya nifasi, alale ameegemea, asijigeuze, asinyanyue kitu, kwa wiki nne au nane. Nyumbani ana watoto wengine watatu. Mumewe anangoja chakula. Akikaa Likoni, mwenye kumletea uji lazima avuke feri. Je, huyu mama aweza? Hawezi, isipokuwa watu wengine wameibeba dunia yake iliyobaki. Kumwambia "ni kazi yako" ni kumkalifisha asiloliweza, kisha mtoto akifa tukasema ni kadari.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 233, amezungumza juu ya kunyonyesha, na katika aya hiyo hiyo akamjibisha baba riziki na mavazi ya mama kwa wema, akasema nafsi haikalifishwi ila kwa uwezo wake, akakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kwa sababu ya mtoto wake, na akamtaja hata mrithi kuwa juu yake ni mfano wa hayo. Tazama jinsi aya moja ilivyoeneza mzigo: mama, baba, na mrithi. Haki ni ya mtoto, na wenye kuitoa ni wengi. Hapo ndipo tulipopata jawabu yetu. Joto si hisani ya mama. Ni haki ya mtoto iliyo juu ya jamaa zake wote, na mama ni mtoaji wa kwanza, si mtoaji pekee.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sayyidna Umar kwamba miongoni mwa mateka palikuwa na mwanamke aliyekuwa akitafuta. Akimkuta mtoto humchukua, akamkumbatia tumboni pake, akamnyonyesha. Mtume (s.a.w.) akawauliza sahaba kama wamwona mwanamke huyu aweza kumtupa mwanawe motoni. Waliposema hawezi, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu awahurumia waja wake zaidi ya huyu anavyomhurumia mwanawe. Katika viumbe vyote, Mtume alichagua kifua cha mwanamke huyu kuwa mfano wa rehema ya Mola. Lakini tusisahau kuwa mwanamke huyo alikuwa mateka aliyenyang'anywa kila kitu. Mtu asiichukue Hadithi hii kuwa hoja ya kumwacha mama katika hali kama hiyo.

Ama baba, udhuru wake ni upi? Akisema ni aibu, twamjibu kuwa Mtume (s.a.w.) alisali na huku amembeba Umama, binti wa binti yake Zainab, akisujudu humweka chini, na akiinuka humbeba. Na alipombusu mjukuu wake Hasan, Al-Aqra bin Habis akajigamba kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamwambia kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Akisema ni sitara, twamjibu kuwa uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, na kifua chake si uchi. Kifua cha baba kina joto kama cha mama, na baba aweza kumpumzisha mama saa nne usiku na saa nne mchana. Likibaki la kuchanganyika na kina mama waliofungua vifua vyao wodini, dawa yake ni pazia na zamu zilizopangwa, wala si kumzuia baba mlangoni. Akisema ni kazi, hapo twamwonea huruma, kwani Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilimpa mwajiriwa mwanamume wiki mbili na mwanamke miezi mitatu, lakini kibarua wa bandarini, mvuvi na mwenye kuuza maji kwa mkokoteni hawana mwajiri wa kuwapa hata siku moja. Juu ya hao tutarudi.

Wako wazee wetu, tuwaheshimuo, wanaotaka mama arudishwe nyumbani akae ndani siku arubaini, na kwa ajili hiyo huenda wakamtoa yeye na mtoto hospitali kabla ya wakati. Twawaambia kwa adabu: arubaini ya kukaa ndani ni desturi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, siku arubaini ndizo nifasi ya kawaida, na upeo wake ni sitini. Nazo ni hukumu za sala, saumu na jimai. Hazikumharamishia mama kukaa wodini wala kutoka kwenda kumtazama mwanawe. Wala mwili wake si najisi hata isemwe asimguse mtoto kifuani. Mtume (s.a.w.) amesema kuwa muumini hanajisiki, na alikuwa akiegemea mapajani mwa Bi Aisha akisoma Qur'ani, na hali yeye yumo katika hedhi.

Bibi, shangazi, khalati na jirani nao waweza kumbeba mtoto kifuani mama akiugua, au akiwa amezaa pacha. Tumeulizwa kama kufanya hivyo huleta undugu wa kuharimisha ndoa. Jawabu ni kuwa hapana. Kinachoharimisha ni maziwa, kwa sharti zake zijulikanazo, na katika madhehebu yetu ni kunyonya mara tano zilizo mbalimbali. Joto peke yake haliharimishi kitu. Basi mwanamke yeyote mwenye afya aweza kutoa kifua chake bila ya khofu hiyo. Ama maziwa, hayo yaandikwe na yajulikane ni ya nani.

FARDHI YA KUTOSHELEZANA

Huenda mtu akasema: "Mimi si baba wala jamaa wa mtoto huyo; mimi yanihusu nini?" Jawabu yake ni kuwa dini yetu ina fardhi ziitwazo fardhi kifaya, ambazo wakizitenda baadhi ya watu wengine huokoka, na wakiziacha wote hupata dhambi wote. Mfano tuujuao sana ni jeneza. Akifa mtu mtaani, hatuulizi ni wa nani. Maduka hufungwa, sufuria huletwa, viti hukodishwa, na jeneza hupokezanwa mabegani mpaka kaburini, kila mtu akitaka japo hatua saba. Mwenyezi Mungu awalipe watu wetu kwa hilo. Lakini twauliza: maiti hakosi wabebaji mia, vipi mtoto hai mwenye kilo moja na nusu awakose wabebaji wawili? Tutakwenda kumzika pamoja, na tulishindwa kumbeba pamoja?

Wanavyuoni wamesema kuwa kumwokoa anayeangamia ni katika fardhi hizo. Mtoto anayekufa kwa baridi katikati ya mji wa joto kama wetu ni mwenye kuangamia, na kamba ya kumwokolea twaijua. Tangu tuijue, hatuna tena udhuru wa kutojua.

Basi twapendekeza mambo ambayo kila msikiti na kila jamaa ya mtaa yaweza kuyafanya. Kwanza, pawe na zamu ya chakula na nauli kwa kila mama aliyelazwa na mtoto wake, na watoto wake wa nyumbani wagawanywe kwa majirani kama wagawanywavyo wakati wa matanga. Pili, baba kibarua alipwe ujira wa siku zake na mfuko wa msikiti, ili naye akae zamu ya kifua. Fedha inayotumika katika karamu ya arusi moja yaweza kulipa siku nyingi za vibarua. Tatu, tuwaulize wauguzi wanahitaji nini, na mara nyingi jawabu itakuwa ni viti vya kuegemea, mapazia, leso safi na kofia za watoto. Nne, walimu wa darasa za wanawake wawafundishe wakunga, mabibi na wakwe namna ya kumfunga mtoto kifuani na dalili za khatari: kupumua kwa shida, kukataa ziwa, kuwa wa baridi au wa moto, kubadilika rangi. Tano, mama akiruhusiwa kwenda nyumbani, aendelee kumweka mtoto kifuani mpaka mtoto mwenyewe aanze kujipapatua atoke, na apelekwe kutazamwa siku aliyoagizwa, asiachwe kwa kukosa nauli.

Wala hatusemi kuwa kila mtoto ataishi. Katika lile fungu lililowekwa kifuani upesi bado walikufa 12 katika mia, na mama zao hawakupunguza kitu. Mtoto aliyekufa kifuani kwa mamake amepata haki yake yote, na mama huyo asiambiwe neno ila la kumtia moyo na la kumwombea. Lakini wale wanne, ambao walikufa upande huu na wangeishi upande ule, hao ndio tutakaoulizwa juu yao.

Ewe Mola wetu, uliyelitoa jina la rahimu ya mama katika jina lako la Rahmani, tujaalie tuwe watu wa kuhurumiana kwa mikono na vifua kama tunavyohurumiana kwa ndimi. Waponye watoto wetu wadogo, wape kina mama nguvu na subira, walainishe nyoyo kina baba, na usitujaalie kuwa katika watu ambao elimu iliwafikia nao wakachelewa. Amin.

Wabillahi taufiqi.